Diwani, mbunge, mwenyekiti au mtendaji: shida ya mtaa umpelekee nani kwanza?

Boma la zahanati ya kijiji chetu lilikaa bila paa miaka mitatu. Tulilijenga wenyewe. Kila kaya ilitoa tofali, mchanga na siku za kazi, ukuta ukapanda hadi kwenye lenta, kisha nguvu zikakatika. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi, na daftari la vikao bado ninalo. Nikilifungua leo naona aibu, maana katika miaka ile mitatu tulibisha hodi milango minne na karibu yote tuliibisha vibaya. Mtendaji wa kata tulimwomba fedha ambazo hakuwahi kuwa nazo. Mbunge tulimpelekea kazi nzima, kupaua, kupiga lipu, milango, madirisha hadi vitanda, wakati mfuko anaousimamia ni wa mabati na saruji. Mwenyekiti wa kijiji tulimsema kila siku ya mnada. Na diwani, ambaye ndiye hasa tuliyemhitaji, tulimwendea mwezi wa Aprili, bajeti ya halmashauri ikiwa imeshapita barazani.

Kwa hiyo haya naandika kwa ajili ya mtu aliye mahali tulipokuwa sisi: ana shida halisi, ana watu nyuma yake, ila hajui aanzie wapi. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar nako kuna madiwani, lakini shehia husimamiwa na sheha, ambaye huteuliwa na si kuchaguliwa, hivyo mlango wa kwanza huko ni mwingine.

Wanne hawa wanatofautiana wapi

Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa alichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani wa 29 Oktoba 2025. Nguvu yake ni mkutano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, wa mtaa kila miezi miwili, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Kijiji ni mamlaka kamili yenye halmashauri yake, ardhi yake na akaunti yake. Mtaa wa mjini hauna hayo. Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa kule Tandale, Dar es Salaam, au Nyamanoro, Mwanza, hata akiwa mchapakazi namna gani, hana kasma, yaani fungu la bajeti, ya kuchotea. Alichonacho, na wa kijijini anacho vilevile, ni muhtasari wa mkutano. Usiidharau karatasi hiyo. Shida isiyoandikwa kwenye muhtasari wa kijiji au mtaa, kwa upande wa halmashauri ni kama haipo, na diwani akisimama barazani bila hiyo ataambiwa analeta maneno ya kijiweni.

Mtendaji, awe wa kata, wa kijiji au wa mtaa, ni mwajiriwa wa halmashauri. Hakupigiwa kura, na hata kata nzima ikimchukia ataondoka kwa uhamisho, si kwa sanduku la kura. Kwa mambo ya leo na kesho yeye ndiye mlango: barua ya utambulisho, ugomvi wa mpaka, jirani anayetiririsha maji machafu, mifugo iliyoingia shambani, sheria ndogo zinazovunjwa. Yeye pia ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile ambayo wengi tunaiita WDC tu. Yaani ndiye anayeshika kalamu wakati diwani anashika kiti.

Diwani ndiye mwenyekiti wa hiyo WDC, na ni mjumbe wa baraza. Hana ofisi yenye fedha. Hana dereva, hana karani, wala hawezi kumwamuru mtendaji atoe shilingi. Mwenye kalamu ya malipo ni mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais na ndiye katibu wa baraza. Alichonacho diwani ni kura moja katika kikao kinachopitisha bajeti ya halmashauri nzima, nafasi katika kamati moja au mbili za kudumu, na haki ya kuuliza. Watu wengi wakisikia hivyo husema "basi si lolote." Wanakosea, na nitaeleza kwa nini.

Mbunge ana viti viwili. Kimoja kiko Dodoma, kingine kiko kwenye baraza hilohilo la madiwani, kwa sababu mbunge wa jimbo ni mjumbe wa halmashauri yake. Juu ya hapo ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, afisa mipango wa halmashauri akiwa katibu wake. Huo ndio mfuko unaonunua mabati ya shule, mifuko ya saruji, madawati na pampu ya kisima.

Mwenye mfuko na mwenye kura

Ukiwalinganisha mbunge na diwani kwa jicho la haraka, mbunge anashinda. Ana mfuko, ana gari, ana simu ya waziri. Kamati yake ikikaa ikakubali, mabati yanaweza kufika kijijini ndani ya mwaka uleule. Kwa hitaji dogo lililo wazi, kwa mfano darasa ambalo wananchi wamelifikisha kwenye lenta na linakosa bati 80 tu, nenda kwa mbunge bila kusita. Mfuko ule uliundwa kuchochea nguvu za wananchi, si kubeba mradi kuanzia msingi.

Lakini ule ni mfuko wa jimbo zima. Gawa kwa kata zote, kisha gawa kwa vijiji, utaona kwa nini anagawa saruji badala ya majengo. Bajeti ya halmashauri ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna mishahara ya walimu na wauguzi, ruzuku ya miradi kutoka serikali kuu, na yale mapato ya ndani yanayokusanywa kwa mashine za POS: ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni na wafanyabiashara, ushuru wa mazao (mwaka 2017 ulishushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, kabla ya hapo ulikuwa hadi 5), leseni, vibali vya ujenzi, masoko, stendi, minada, machinjio. Kodi ya majengo iliwahi kuwa tegemeo la miji. Mwaka 2021 ikahamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na fedha zake zikawa zinaenda serikali kuu.

Hapo kwenye mapato ya ndani ndipo kura ya diwani ina uzito. Fedha zinazotoka juu mara nyingi huja na maelekezo yake. Mwaka 2021 mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 uliposhuka, madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima kwa ramani moja na muda mmoja. Diwani pale alikuwa msimamizi na mshangiliaji, hakuwa mwamuzi. Mapato ya ndani hayako hivyo. Hayo baraza ndilo linaloyapangia, ndani ya mwongozo wa bajeti na ukomo uliowekwa, na ndiyo yanayomalizia maboma, yanayonunua vifaa vya zahanati, yanayochonga madawati. Kata isiyo na mtetezi kwenye kamati ya fedha huona fungu lake likihamia jirani, na haitajua lilihama lini.

Kwa hiyo kabla hujamhukumu diwani wako, uliza swali ambalo sisi hatukuuliza kwa miaka miwili: yuko kamati gani? Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi, na ndiyo inayoona makusanyo na matumizi yakiwa bado ya moto. Kamati za huduma za jamii, na ile ya uchumi, ujenzi na mazingira, hukaa kila robo mwaka. Diwani wa kata ya jirani aliye kwenye kamati ya fedha anaweza kukufaa kuliko wako aliye nje, wakielewana. Usione haya kumwomba diwani wako akazungumze na mwenzake. Baraza lina madiwani wengi, kila mmoja ana boma lake, na hakuna anayepitisha kitu peke yake.

Kuna diwani mwingine tunayemsahau: wa viti maalumu. Kura yake barazani ni sawa na ya diwani wa kata, na katika WDC ya kata anayoishi ni mjumbe. Kwetu yeye ndiye aliyetueleza kwamba zahanati isiyo na choo na kichomea taka haifunguliwi hata ikiwa na paa la dhahabu. Diwani wa kata, mheshimiwa wetu, hilo hakuwa amelisikia.

Kalenda, ambayo ndiyo iliyotuponza

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Wengi tunajua hilo. Tusilolijua ni kwamba bajeti ya Julai hupikwa tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mwongozo hutoka serikali kuu, halmashauri hushusha barua kwa watendaji, vijiji na mitaa huketi kuibua vipaumbele vyao (ule mchakato wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, O&OD). Kisha WDC huvikusanya na kuvipanga, na ikiwa diwani ni mzembe hupangwa na mtendaji peke yake mezani usiku. Kuelekea Januari wataalamu wa halmashauri wanakuwa na bangokitita lao, yaani jedwali la mipango na bajeti, kamati za kudumu hulipitia, na Januari au Februari baraza huketi kupitisha. Kuna kamati ya ushauri ya wilaya na ya mkoa, kuna TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa) na Hazina, halafu Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni.

Sasa weka shida yako kwenye kalenda hiyo. Ukimwendea diwani Novemba ukiwa na muhtasari wa kijiji mkononi, yuko na miezi miwili mitatu ya kupigania. Ukimwendea Aprili, anachoweza ni kukuahidi mwaka wa fedha ujao, na ahadi hiyo ataisahau kwa sababu wewe mwenyewe Novemba hutarudi. Sisi tulirudi Aprili mbili mfululizo. Daftari langu linaonyesha hivyo, na maneno aliyotujibu ni yaleyale mara zote mbili, nukta kwa nukta.

Mbunge na mfuko wake hawabanwi na kalenda hii kwa namna hiyo, maana fedha za jimbo zikishaingia, kamati hugawa kufuata maombi yaliyopo. Huo ni ubora wake mmoja dhidi ya diwani: upepo ukiezua paa la darasa mwezi Machi, bajeti ya halmashauri ni mlango wa polepole na jimbo ni wa haraka. Kwa maafa makubwa zaidi, ofisi ya mkuu wa wilaya ndiyo yenye kamati ya maafa, na hapo diwani na mbunge wote ni wapiga simu tu.

Iko njia ya katikati ya mwaka pia. Kamati ya Fedha inaweza kupendekeza fedha zihamishwe kutoka kasma moja kwenda nyingine, mradi taratibu zifuatwe. Diwani anayeifahamu njia hiyo ni hazina. Anayeifahamu na akaitumia kwa kata yake kila robo mwaka, basi kata za wengine zinalia.

Barabara na maji: hapa mnamwonea

Hakuna jambo linalowakosesha madiwani usingizi kama barabara, na hakuna jambo walilo na mamlaka kidogo nalo kama hilo. Hadi mwaka 2017 barabara za wilaya zilikuwa chini ya mhandisi wa halmashauri, na diwani akigonga meza kamati ya ujenzi greda linatoka. Mwaka huo ikaanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara zote za wilaya, mijini na vijijini, zikahamia huko. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS, tangu zamani. Mwaka 2019 sheria mpya ya maji ikaleta wakala wa RUWASA kwa maji ya vijijini. Mijini kuna mamlaka za maji.

Maana yake kalavati lililobomoka mbele ya nyumba yako haliko kwenye bajeti inayopitishwa na madiwani kama darasa lilivyo. Meneja wa TARURA wa wilaya huja barazani kutoa taarifa, husikiliza, huandika, lakini baraza si mwajiri wake. Kwa hiyo hapa mpangilio wangu hubadilika: barua ya kijiji au mtaa iende moja kwa moja kwa meneja wa TARURA wilaya, nakala kwa diwani na kwa mbunge. Mbunge hapa anampita diwani kwa mbali, kwa sababu bajeti ya TARURA hujadiliwa Bungeni na yeye ana kipaza sauti huko. Tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara hizi ilipita Dodoma, haikupita kwenye baraza lenu.

Maji kijijini, anza na chombo cha watumia maji cha hapo hapo, kile kinachouza ndoo na kinachotakiwa kutunza pampu. Nimeona mara nyingi mno kisima kikifa kwa kifaa cha bei ndogo huku kijiji kizima kikimngoja mheshimiwa. Watakeni wawasomee mapato kwanza.

Ustawi wa watu: mikopo, wazee, kaya maskini

Hapa ndipo diwani huombwa mambo mengi, na ndipo wananchi hupotezwa zaidi.

Chukua mikopo ya asilimia 10. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji wake, kwa sababu ukaguzi ulikuwa umeonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi chako kikitaka mkopo, mlango wa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, anayejua usajili, katiba ya kikundi na fomu. Diwani hagawi mkopo. Diwani akikuambia "leteni majina nitawaingiza", kaa mbali naye; vikundi hewa vilizaliwa kwa mtindo huohuo. Kazi yake ya kweli ni nyingine, tena ngumu zaidi: kuuliza kila robo mwaka kama ile asilimia 10 imetengwa kweli kutokana na makusanyo halisi, na waliokopa wamerejesha kiasi gani. Kama diwani wako hajawahi kuuliza hilo, mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, itaendelea kuwamaliza kina mama wa sokoni kwenu.

Wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo kuanzia miaka 60. Utambuzi huanza kijijini au mtaani, hupita kwa mtendaji na ustawi wa jamii. Mzee amerudishwa dirishani? Mtendaji na mganga mfawidhi watalimaliza leo. Wazee wa kata nzima wanarudishwa kila siku? Hilo ni la diwani, alipeleke kamati ya huduma za jamii, kwa sababu sasa si kosa la karani mmoja.

Dawa zikikosekana zahanati, wengi hukimbilia diwani. Siku hizi fedha za kituo huingia kwenye akaunti ya kituo chenyewe, na kuna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wananchi ndani yake. Mjue mwenyekiti wa kamati hiyo. Yeye na mganga ndio wanaoagiza dawa, na diwani anaingia pale kamati inapokuwa imelala.

Mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini nitausema kwa ufupi: majina hutajwa na kuthibitishwa kwenye mkutano wa jamii. Si diwani, si mbunge, si mwenyekiti mwenye kalamu ya kuongeza jina la shangazi yake. Akiongeza, mkutano unaofuata ndio mahali pa kusema, na usemwe waziwazi.

Kwa mwenye haraka, haya hapa kwa upana wa kiganja:

| Shida | Anza na | Kisha | Usitegemee |
|---|---|---|---|
| Boma la zahanati au darasa, kazi kubwa | Mkutano wa kijiji, muhtasari | Diwani, kabla ya Desemba | Mbunge peke yake |
| Mabati au saruji ya kumalizia | Mbunge, kupitia afisa mipango | Diwani | Mtendaji |
| Kalavati, barabara ya mtaa | Meneja wa TARURA | Mbunge | Kura ya diwani |
| Kisima kilichokufa | Chombo cha watumia maji | RUWASA | Harambee ya kila mwaka |
| Mkopo wa kikundi | Afisa Maendeleo ya Jamii | Diwani wa viti maalumu | "Leteni majina" |
| Mgogoro, uchafu, barua | Mtendaji | Mwenyekiti | Mbunge |

Ukiwa Kenya

Nina wasomaji upande wa pili wa Namanga, na wakifuata haya kama yalivyo watapotea. Mwakilishi wadi wao, MCA, si diwani wetu. Bunge la kaunti linatunga sheria na linapitisha bajeti ya gavana. Kaunti ni 47, wadi 1,450. Makadirio ya kaunti yanatakiwa yawe mezani kwa bunge hilo kufikia 30 Aprili, na wananchi kushirikishwa ni takwa la Katiba ya 2010, kwa hiyo kikao cha maoni ya bajeti si fadhila ya mheshimiwa. Zahanati, chekechea, masoko na barabara za kaunti ni zake. Darasa la shule ya msingi si lake, ni la serikali ya kitaifa, na kwa miaka mingi limejengwa na mfuko wa mbunge, NG-CDF, ambao sheria yake Mahakama Kuu iliitamka kinyume cha Katiba mnamo Septemba 2024. Ukimwona MCA anaahidi madarasa ya msingi, muulize kwa kasma ipi.

Kumfuatilia: nani anakwepeka, nani hakwepeki

Kwa hili diwani anawashinda wote, na ndiyo sababu bado namtetea. Mbunge yuko Dodoma sehemu kubwa ya mwaka. Mtendaji anaweza kuhamishwa wiki ijayo. Diwani analala kijijini, anazika na nyinyi, ananunua nyama bucha moja na nyinyi, na kila robo mwaka anatakiwa kuwasilisha barazani taarifa ya kata yake. Vikao vya baraza ni wazi. Unaweza kwenda kuketi nyuma ukasikiliza, na nakuhakikishia diwani akiona watu watatu wa kata yake wameketi nyuma anauliza swali ambalo hakukusudia kuuliza.

Muombe vitu vitatu: ukurasa wa kitabu cha bajeti wenye mradi wenu, taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyopita, na majibu ya halmashauri kwa hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Ripoti ya CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi kisha hufika Bungeni, na kila mtu anaweza kuisoma. Diwani akikuambia vitu hivyo ni siri, ama hajui kazi yake ama anaijua sana.

Nasi wananchi tuna yetu. Posho ya diwani ni ndogo, kiasi kwamba tangu bajeti ya 2021/22 serikali kuu ililazimika kubeba malipo hayo kwa halmashauri nyingi zisizojiweza. Hata hivyo kila msiba tunamtazama mkono, kila ubatizo, kila timu ya mpira inataka jezi. Diwani anayetoa rambirambi nono tunamsifu, na yule aliyekesha akisoma makabrasha ya kamati ya fedha tunamwita bahili. Kisha tunashangaa boma halina paa.

La kwetu lilipata. Mwaka wa tatu tulifanya mkutano Oktoba, tukaandika muhtasari, watu wakatia saini kurasa mbili, tukaupeleka WDC kabla ya Krismasi, na diwani wa viti maalumu akausimamia kwenye kamati ya huduma za jamii. Januari boma letu likawa na mstari wake: kupaua, lipu, choo, kichomea taka. Mbunge aliongeza mabati kutoka mfuko wa jimbo, na siku ya kuzindua yeye ndiye aliyekata utepe. Diwani wa kata aliketi mstari wa pili. Kwenye kura za maoni zilizofuata alianguka, na mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akasema afadhali, maana huyu mtu miaka mitano hajatuletea kitu.

Sikumjibu. Mkoba wenye daftari ulikuwa begani kwangu.